Ila ya Sesilia

Mama alinitumia kifurushi kutoka Ifakara kwa basi la asubuhi, mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa kamba ya katani, na kabla sijaufungua nilishajua kilichomo. Pepeta ina harufu yake. Ni mpunga mchanga, uliokaangwa kabla haujakauka, kisha ukatwangwa mpaka punje zikalala bapa. Ukiinusa unapata moshi kidogo, majani mabichi kidogo, na utamu usio wa sukari. Nilikaa na mfuko ule mapajani, hapa Mlimba nilikoolewa, nikampigia mama simu kumshukuru.

"Umenunua wapi, mama? Imetwangwa vizuri hii."

"Sokoni, kwa yule mwenzako mliyesoma naye. Sesilia. Siku hizi ana meza yake pale."

Nikasema ah, sawa, tukahamia kwenye habari za mafua ya baba na bei ya mkaa. Simu ilipokatika sikuonja ile pepeta. Niliwaachia watoto, wakaimaliza kabla jua halijatua, nami nikabaki na harufu yake mikononi na aibu ambayo nilidhani imeshazeeka.

Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa kiranja. Mliosoma enzi zetu mnajua kiranja ni mtu wa namna gani. Mwalimu akitoka, kiranja anasimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina ya wapiga kelele, na mwalimu akirudi anamkabidhi. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na upendeleo. Niliwahi kumwandika binamu yangu mwenyewe kwa kosa la kupiga chafya makusudi. Nilipokuwa nikitoa ile karatasi nilijiona mtu mzima.

Mwalimu wetu, Mwalimu Suzana, alikuwa mtu wa Iringa, mwembamba, anayesikia joto la Ifakara kuliko sisi sote. Siku moja alirudi kutoka semina na vitu viwili vipya: bakora hakuwa nayo tena, na alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda. Alimpa kila mwanafunzi kizibo kimoja, akatutobolea kwa msumari, tukaandika majina yetu kwa ndani. Kisha akapigilia misumari minne kwenye ubao mrefu kando ya mlango. Juu ya kila msumari aliandika neno: furaha, huzuni, hasira, hofu. Kila asubuhi ukiingia unatundika kizibo chako pale moyo wako ulipo. Hivyo tu.

Wiki ya kwanza vizibo vyote arobaini na kitu vilikuwa kwenye furaha. Msumari ulijaa mpaka vikawa vinadondoka. Mwalimu Suzana akawa anautazama ule ubao, kisha anatutazama sisi. Mpaka siku Deo alipokuja na kitambaa cheusi mkononi. Babu yake alikuwa anazikwa mchana, alipita shuleni kuomba ruhusa tu, lakini kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu alitundika kizibo kwanza. Kwenye furaha.

"Deo," mwalimu alimuuliza taratibu, "babu anazikwa leo, mbona umetundika huku?"

"Mwalimu, nzuri ndiyo inaanza. Nilikuwa sijafika kwenye ila."

Mwalimu Suzana alikaa chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, halafu akaomba radhi kwa kucheka siku ya msiba. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Kwani nani hajui? Mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri, hata kama nyumba imeungua. Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri, ila mtoto halali kwa homa. Nzuri ni ya kila mtu; ila ni ya yule atakayesimama kuisubiri.

Tangu siku hiyo alibadilisha somo. Vizibo vikabaki, lakini kila Ijumaa tulikaa wawili wawili, wewe na mwenzako wa dawati, mnasalimiana. "Mwulize habari yake," alitufundisha. "Akisema nzuri, usikimbilie neno jingine. Nyamaza. Mtazame. Mpe nafasi ya ila. Kama haipo, haipo. Kama ipo, itakuja yenyewe." Tulicheka sana mwanzoni, maana kumtazama mtu ukiwa umenyamaza ni kazi. Lakini nakumbuka vitu vilivyokuwa vikitoka kwenye yale madawati, vya watoto wa miaka kumi. Mmoja alisema anaogopa choo cha shule. Mwingine, mbabe kweli, alisema anamkumbuka mbuzi wao.

Na kulikuwa na zawadi. Aliyemsikia mwenzake vizuri kuliko wote ndiye atakayegonga kengele wiki inayofuata. Kengele yetu ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa mbele ya ofisi, na nondo fupi ya kuligongea. Ukiligonga sawasawa lilisikika mpaka Katindiuka, pembezoni mwa mji, wanawake wakajua muda wa kuinjika chakula. Niliitamani ile nondo. Wiki ya kwanza alipewa Deo, ya pili msichana mmoja aliyekuwa hata hajui kusoma vizuri, na mimi kiranja nikabaki na karatasi yangu. Niliumia, nasema kweli.

Mwenzangu wa dawati alikuwa Sesilia. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mtaratibu, anayeandika huku ulimi ukitoka kidogo pembeni ya mdomo. Kwao ni kule Katindiuka, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Alikuwa na mama, bibi, na mdogo wake Skola aliyekuwa darasa la kwanza. Mimi baba yangu aliendesha mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo sisi tulikaa mjini mwaka mzima na mpunga ukatufuata. Akina Sesilia walikuwa watu wa kuufuata. Msimu ukifika mama yake alivuka mto kwenda upande wa Lupiro, akajenga dungu lake, kibanda cha kulindia mpunga, juu ya miti, akaishi huko miezi, na watoto wakabaki na bibi ili wasikose shule. Nusu ya darasa letu iliishi hivyo. Sikuliona kuwa jambo.

Alasiri moja alinialika kwao tukatwange pepeta. Mama yake alikuwa amewatumia mpunga mchanga kwa mtu wa baiskeli. Tulikaanga kwenye chungu, tukatwanga kwa zamu, mchi wake, mchi wangu, Skola anapepeta kwa ungo uliomzidi upana. Pepeta ile ilikuwa bado ya moto tulipoila kwa viganja. Nilikula mpaka nikaona kiu, nikauliza bibi yuko wapi nimsalimie nimwombe maji.

"Maji yamo mtungini," Sesilia alisema.

"Na bibi?"

Akaendelea kufagia makapi. Mimi, kwa kuwa ilikuwa zoezi letu, nikamuuliza vizuri habari yake. Akasema nzuri. Nikanyamaza nikamtazama, kama tulivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi somo lile linavyofanya kazi, maana uso wake ulianza kutetemeka.

"Nzuri, ila bibi amevuka mto kwenda kwa mama. Ndege wamekuwa wengi, mama hawezi kuwaamia peke yake. Tuko wawili tu, wiki ya tatu sasa. Tukilala naegemeza mchi mlangoni."

"Hamwogopi?"

"Skola analia. Mimi silii." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Yusta, usimwambie mtu. Watu wakijua, mama atatuchukua tukakae dunguni, na mimi nataka kufanya mtihani. Nikikosa wa darasa la nne sitarudi tena, najua. Dada yangu binamu ilikuwa hivyo hivyo."

Nikaapa. Nililamba kidole nikakielekeza juu, haki ya Mungu. Na nilikuwa na nia, msinifikirie vibaya. Nilirudi nyumbani tumbo limejaa pepeta na kifua kimejaa kitu ambacho sikuwa nimewahi kupewa, siri kubwa ya mtu mwingine. Kwa siku mbili nilitembea nayo kwa uangalifu. Siku ya tatu nikaanza kuifikiria ile nondo.

Nimejaribu kwa miaka kujitetea. Nilikuwa mtoto. Nilimhurumia kweli, na usiku nilimfikiria Skola akilia. Lakini ninachokumbuka zaidi ni hesabu niliyoipiga kichwani: nani darasani ameambiwa ila kubwa kuliko hii? Hakuna. Mimi ndiye niliyemsikia mwenzangu kuliko wote, na hakuna anayejua. Kwangu huzuni ilikuwa kama kelele. Ukiisikia unaiandika jina, unaikabidhi kwa mwalimu, na mwalimu anajua la kufanya. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa naijua. Hakuna aliyenionyesha tofauti, na mimi sikuuliza.

Ijumaa viranja tulifika mapema kufagia. Darasa lilikuwa tupu. Nilisubiri Sesilia aingie, atundike kizibo chake kwenye furaha, atoke kwenda kuchota maji ya kumwagilia maua. Kisha nikakitoa pale, nikakitundika kwenye hofu. Kilikuwa peke yake kwenye ule msumari.

Mwalimu Suzana alikiona mara tu alipoingia. Hakusema kwa sauti ya juu. Alikuja mpaka kwenye dawati letu, akachutama ili uso wake ulingane na wa Sesilia.

"Habari yako, Sesilia?"

"Nzuri, mwalimu."

Mwalimu akanyamaza. Sesilia aligeuka akautazama ubao, akaona kizibo kilipo, kisha akanitazama mimi. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ananiomba. Nilielewa kabisa kuwa ananiomba, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ule utoto ninaousingizia haukunizuia kuelewa. Mwalimu aliendelea kusubiri, mtoto mmoja akakohoa, na Sesilia akafungua mdomo. Labda angesema mwenyewe, labda angeficha. Sitajua. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi naijua ila yake."

Nikasimama, nikaisoma kwa sauti ile ya kusomea majina. Bibi amevuka. Wiki ya tatu. Wako wawili. Mchi mlangoni. Skola analia. Sikuacha kitu. Nyuma kuna mtu alicheka, akasema, "Kumbe mnalala na mchi!" na mwalimu akamnyamazisha kwa jicho. Sesilia alikuwa anasugua alama ya wino kwenye dawati kwa kidole gumba, anasugua na kusugua, kama mtu aliyeagizwa kuiondoa kabla ya kengele.

Mwalimu alimkumbatia. Kisha akanigeukia, nadhani hata yeye alikuwa amechanganyikiwa, akasema, "Asante, Yusta, umemsikia mwenzako." Jumatatu nikapewa nondo.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mwalimu Suzana aliwaendea majirani kuwaomba wawatupie jicho wale watoto, akamtuma mtu wa baiskeli kwa mama yao na maneno mema, lakini maneno yakibebwa na baiskeli kupita vijiwe na vioski hayafiki kama yalivyotoka. Mpaka yanavuka mto yalikuwa yanasema mama wa Katindiuka ametelekeza watoto na shule imemshitaki. Alikuja Jumanne, miguu bado ina tope la majaruba ya mpunga. Mimi nilikuwa karibu na ofisi kwa ajili ya kengele, nikamsikia.

"Shikamoo, mwalimu." Alimwamkia mwalimu aliyekuwa mdogo kwake, na Mwalimu Suzana akashindwa kuitikia. "Sikuwatupa wanangu. Ndege wangemaliza ule mpunga, mwaka mzima wangekula nini?"

"Mama, mimi sijasema umewatupa."

"Wewe hukusema. Lakini mtaa mzima unasema."

"Waache wamalize mitihani, mama. Nakuomba. Hata kwangu watakaa."

"Halafu waseme nimewatupa kwako?"

Jumatano akawachukua. Asubuhi hiyo niligonga kengele ya mapumziko kwa mikono miwili, mapigo marefu, na mwalimu mkuu mwenyewe akasema huyu anaijua. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani Sesilia amekwenda kukaa na mama yake, hana hofu tena, kizibo chake kitahamia kilikotoka, na Jumatatu atarudi anishukuru. Nilimwekea begi langu kwenye nafasi yake asije mtu akakaa. Jumatatu ikapita, na nyingine, na nyingine. Mtihani ukaja, tukakaa mmoja mmoja, na dawati ambalo lingekuwa lake likapewa mtoto wa mkondo mwingine.

Mama yangu alipata habari kwa majirani. Alikuwa anachambua chenga za mchele jikoni, hakuinua macho. "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. "Na hukuniambia mimi? Ningempeleka shangazi yako akalale nao, nikawapelekea unga, na mtu asingejua chochote." Alisema bila ukali, na sikuchapwa. Ningependa kuchapwa. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kufikiri kuwa jambo linaweza kusemwa kwa mtu mmoja, kwa sauti ndogo, jikoni, na likatosha.

Mavuno ya mwaka ule mpunga wa akina Sesilia haukuletwa kwenye mashine ya baba. Waliupeleka kwingine, mbali zaidi, na baba akashangaa amewakosea nini.

Mwalimu Suzana aliendelea na vizibo mpaka mwisho wa mwaka, ila lile la zawadi alilifuta. Siku ya kufunga shule aliniita, akaniambia kitu ambacho nilikibeba miaka mingi kabla sijakielewa. "Yusta, sikukulaumu, na usijilaumu peke yako. Mimi ndiye niliyewawekea tuzo kwenye machozi ya watu." Akanipa kizibo cha Sesilia nikimwona nimpe. Sikumwona. Kilipotea tulipohama nyumba, au nilikiacha kipotee.

Sasa binti yangu ana umri ule. Shuleni kwao kuna karatasi ukutani yenye nyuso zilizochorwa, zinazocheka na zinazolia, na anarudi nyumbani ananiuliza, "Mama, leo unajisikiaje?" kwa sauti ya kuagiza, kama askari. Nacheka. Kisha namkalisha chini, namwambia ambacho Mwalimu Suzana hakuwahi kutuambia kwa sababu hakujua kama kungekuwa na haja: mwenzako akikupa ila yake, hiyo bado ni yake. Kama ni nzito, njoo kwangu, tuibebe pamoja kimyakimya. Anaitikia ndiyo mama na kukimbilia kucheza. Sijui kama amesikia.

Baada ya ile pepeta nilikaa siku nne, ya tano nikapanda basi kwenda Ifakara. Nilimwambia mume wangu nakwenda kumwona baba na mafua yake. Nilipofika nilipita sokoni kwanza.

Nilimjua kwa urefu wake. Alikuwa nyuma ya meza, beseni kubwa la pepeta mbele yake, anapimia mteja huku ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alinijua pia. Hakushtuka.

"Kiranja," alisema.

"Sesilia. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Na wewe, habari za Mlimba?"

"Nzuri," nikasema, "ila..."

Akaacha kopo ndani ya beseni. Akanitazama, akanyamaza, kama tulivyofundishwa pale kwenye dawati, na hakuna mtu aliyewahi kunisubiri vile tangu wakati huo. Nikamwambia yote. Kizibo, nondo, begi nililoliweka kwenye nafasi yake. Nikamwambia nilielewa aliponitazama. Nikaomba msamaha, nikiwa nimesimama katikati ya watu wanaonunua vitunguu, mwanamke mzima ninayelia.

"Siku ile tunaondoka," alisema, "mama alikuwa anafunga mikeka kwenye baiskeli. Tukasikia kengele. Nikamwambia Skola, msikie Yusta." Akachukua kopo. "Ulikuwa unaigonga vizuri. Tuliisikia mpaka tukafika barabara kubwa."

Hakusema kwa ubaya. Alinipimia makopo mawili, akaongeza mkono mmoja juu, kama alivyomwongezea yule mteja wa kabla yangu. Aliniambia Skola ni muuguzi sasa, na yeye ndiye aliyemsomesha kwa hii hii pepeta. Nikafurahi, nikamwambia nimefurahi. Kisha nikamuuliza tena, safari hii polepole, habari yake yeye mwenyewe.

"Nzuri," alisema.

Nikanyamaza. Nikamtazama. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa, wa tatu akaja na mtoto mgongoni, na mimi bado nimesimama pembeni na mfuko wangu, nasubiri. Alifuta meza. Alifunika beseni kwa kitambaa nzi wasitue. Akaniambia nisije nikalikosa basi.